Mchagua jembe si mkulima: kwa nini wamiliki wa bunduki Marekani huwabeza wenye silaha za bei nafuu?

#1 Mikindani_Ohio (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Huu ni mwaka wangu wa 11 hapa Columbus, Ohio, na nimemiliki bastola kwa mujibu wa sheria tangu nilipopata uraia. Jumamosi iliyopita nilikwenda kulenga shabaha katika ukumbi mmoja wa mazoezi. Nilipoitoa bastola yangu aina ya Hi-Point C9, hata kabla sijaijaza risasi, jirani yangu wa upande wa kulia akamwita mwenzake aje kuitazama. Walicheka. Mmoja wao akaniuliza, kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, kama mikono yangu nimeikatia bima. Nikafyatua risasi 50, zote zikatoka bila kukwama, zote zikaingia kwenye karatasi, na hakuna aliyerudi kusema lolote.

Bastola hiyo niliinunua mpya, chini ya dola 200. Inatengenezwa Mansfield, mwendo wa saa moja hivi kutoka ninapoishi, na ikiharibika kampuni huitengeneza bila malipo hata kama aliyenayo ni mmiliki wa tatu.

Swali langu ni hili: dharau hii inatoka wapi? Wanaonicheka ndio haohao wanaosema kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba yanampa kila raia haki ya kujilinda. Lakini mfagiaji wa hospitali au dereva wa teksi anaponunua silaha inayolingana na mshahara wake, anaambiwa kwamba hicho alichoshika si bastola. Mimi nadhani ni ubaguzi wa kitabaka uliovalishwa joho la utaalamu. Anayeona vinginevyo anijibu kwa hoja.

#2 FundiChuma_Houston

Pole kwa yaliyokupata, mkuu. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma, kwa hiyo nitaanzia kwenye kifaa chenyewe kabla ya kufika kwenye tabia za watu.

Bastola nyingi za milimita 9 zina mtutu unaofungana na slaidi kwa muda mfupi mno risasi inapofyatuka, hadi mgandamizo wa gesi upungue, ndipo slaidi irudi nyuma na kutoa ganda. Hi-Point haina kufuli hilo. Kinachoizuia slaidi yake isirudi mapema ni uzito wake wenyewe pamoja na springi. Tena slaidi hiyo haikuchongwa kutoka kwenye chuma cha pua: imemiminwa kwenye kalibu kwa aloi ya zinki iitwayo zamak, na kwa kuwa zinki ni dhaifu kuliko chuma, lazima iwe nene. Ndiyo maana C9 hukaribia gramu 820 bila risasi na magazini yake hubeba risasi 8 tu, ilhali Glock 19 ina uzito wa takriban gramu 600 bila magazini na hubeba risasi 15.

Kwa hiyo anayesema kwamba C9 ni nzito, nene na haifichiki vizuri kiunoni anasema ukweli wa kifundi, na hatuwezi kumwita mbaguzi kwa hilo. Anayecheka mbele ya watu ni mtu mwingine. Naomba tuwatenganishe hao wawili tangu mwanzo, la sivyo uzi huu utakuwa wa kulalamika tu.

#3 Dada_Zamu_ya_Usiku

Ninatunza wazee majumbani huko Minneapolis, na zamu yangu humalizika saa nane usiku. Baada ya mlango wa jirani yangu kuvunjwa mara mbili katika majira ya baridi mamoja, niliamua kununua bastola. Hapa Minnesota kibali cha kununua hutolewa na polisi bila malipo, nami nikakipata bila shida kwa kuwa nina ukaazi wa kudumu.

Shida ilikuwa dukani. Muuzaji aliniuliza bajeti yangu, nikamwambia haizidi dola 300. Akanionyesha kwa kidole kabati la mwisho kisha akaenda kumhudumia mteja mwingine. Nilisimama pale dakika 20. Nilipomwita tena, akaniambia kwamba maisha yangu yana thamani kubwa kuliko dola 300. Nilitoka nikilia, si kwa kutukanwa, bali kwa sababu kwa dakika chache nilimwamini: niliona kwamba kama siwezi kulipa 600, basi sistahili kulindwa.

Baadaye nilinunua Taurus G3c katika duka jingine. Nimefyatua risasi zisizopungua 900 hadi leo, na mara zilizokwama ni mbili, zote katika magazini ya kwanza.

#4 Mzee_wa_Kilosa

Binti yangu wa #3, pole sana. Hilo neno la muuzaji si jipya. Lina umri wa zaidi ya miaka 140.

Mwaka 1879 jimbo la Tennessee lilipitisha sheria ya kuzuia uuzaji wa bastola zote isipokuwa zile za aina iliyotumiwa na jeshi la nchi kavu na jeshi la majini. Arkansas ikafuata mwaka 1881. Ukizisoma juu juu, sheria hizo hazimtaji mtu mweusi wala maskini. Lakini bastola za jeshi zilikuwa kubwa na za bei ya juu, na wazungu wengi waliopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe walikuwa nazo tayari nyumbani. Zilizopigwa marufuku ni bastola ndogo za mfukoni, na hizo ndizo ambazo mtumwa aliyeachwa huru au kibarua wa shambani angeweza kuzimudu. Mwaka 1901 South Carolina ikaja na kipimo kingine: bastola isiyofikia urefu wa inchi 20 na uzito wa ratili 3 isiuzwe. Miongo kadhaa baadaye likavuma lile jina la kejeli la bastola ndogo za bei nafuu, “bastola ya Jumamosi usiku”, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 ikazipiga marufuku.

Kwa hiyo mleta uzi yuko sahihi. Wazo kwamba bunduki ya bei nafuu ni ya mtu asiyeaminika liliandikwa kwanza katika vitabu vya sheria, ndipo likashuka hadi kwenye kumbi za shabaha.

#5 Kisiki_cha_Mpingo

Shikamoo mzee. Naomba kurekebisha jambo moja katika #4. Sheria ya 1968 haikupiga marufuku bastola za bei nafuu kwa jumla. Ilizuia *kuingizwa nchini* kwa silaha zisizoonekana kufaa kwa michezo, na bastola kutoka nje zikawekewa mfumo wa alama unaopima urefu, uzito, mtutu na vifaa vya usalama. Viwanda vya ndani havikuguswa. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha yaliyotarajiwa: vikazuka viwanda vidogo kuzunguka Los Angeles, kuanzia na Raven Arms mwaka 1970, kisha Jennings, Bryco, Lorcin na Davis, vikijaza pengo lililoachwa na bastola za Kijerumani na Kihispania. Viwanda hivyo vilipewa jina la Pete ya Moto, na vyote vilitumia zinki ya kumimina kwenye kalibu.

Tena tusisahau kilichoileta sheria hiyo. Bunduki iliyomuua Rais Kennedy mwaka 1963 ilikuwa Carcano ya Kiitalia, masalia ya vita, iliyoagizwa kwa posta kwa dola 19.95 pamoja na darubini yake. Wabunge waliopiga kura mwaka 1968, baada ya kuuawa Martin Luther King na Robert Kennedy, walikuwa na sababu ya kuogopa bunduki ya bei ya chini inayofika mlangoni kwa posta, na sababu hiyo haikuwa rangi ya mtu peke yake.

#6 Mzee_wa_Kilosa

Marahaba, mwanangu. Nimekubali marekebisho kuhusu uingizaji. Hilo la rangi bado sijalikubali.

#7 MlengaShabaha_TX

Nimefundisha matumizi salama ya bastola kwa miaka 6, na ninaandika kwa heshima ingawa najua sitapendwa.

Mzee wa #4 ameeleza historia vizuri, ila historia haiondoi kasoro ya kifaa. Mwaka 2003 jopo la raia waliosikiliza kesi huko California liliiona kampuni ya Bryco na washirika wake kuwa na sehemu ya lawama kwa mtoto wa miaka 7 aliyepooza mwaka 1994. Bastola ile ilikuwa imeundwa hivi: ili uitoe risasi, ilikupasa kwanza uondoe kifungo cha usalama. Mtu mzima alikuwa akijaribu kuitoa risasi, ikafyatuka. Kampuni ikafilisika mwaka uleule wa 2003. Na mwaka 2015 Taurus iliafikiana na wadai katika kesi iliyohusu karibu bastola milioni moja za matoleo ya zamani, zilizodaiwa kuweza kufyatuka zikianguka, ingawa kampuni haikukiri kosa.

Mwanafunzi anapokuja kwangu na silaha ya bei ya chini simcheki hata kidogo. Lakini moyo wangu huwa mzito, kwa sababu wahenga walisema rahisi ghali, na katika jambo hili gharama yenyewe inaweza kuwa mguu wa mtoto.

#8 Dada_Zamu_ya_Usiku

Mwalimu wa #7, ahsante kwa kutotucheka. Yangu ni toleo lililoanza kuuzwa 2020, miaka mitano baada ya maafikiano hayo. Ila naomba unijibu: je, ni za bei nafuu peke yake zilizowahi kuwa na kasoro ya namna hiyo?

#9 FundiChuma_Houston

Niruhusuni nimjibu dada kabla ya mwalimu. La, si za bei nafuu peke yake. Januari 2017 Jeshi la Marekani liliichagua SIG P320 kuwa msingi wa bastola yake mpya, na Agosti ya mwaka huohuo ikabainika kwamba zile zilizouzwa kwa raia ziliweza kufyatuka zikiangushwa kwa pembe fulani, hata kampuni ikatangaza mpango wa kubadilisha vipuri bila malipo kwa anayetaka. Nayo Remington 700, bunduki ya kuwindia iliyoheshimiwa kuliko karibu zote, iliandamwa kwa miaka mingi na madai kwamba mtambo wake unaweza kufyatuka bila kuguswa, hadi yakafikiwa maafikiano mahakamani yaliyohusu mamilioni ya bunduki.

Tofauti ni namna watu wanavyolipokea kosa. La Bryco liliitwa tabia ya bunduki za bei nafuu. La Remington likaitwa hitilafu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wanywaji humtetea hata maji yakizidi.

#10 MlengaShabaha_TX

Hapo fundi umenibana. Lakini SIG, na Remington kabla haijafilisika, walikuwa na fedha za kurekebisha, na mahakama ilikuwa na wa kumdai. Viwanda vile vya Pete ya Moto vilifungwa, na aliyeumizwa akabaki na hukumu ya karatasi. Mnunuzi wa bei ya chini anapaswa kujiuliza kama kampuni itakuwepo miaka 10 ijayo.

#11 Mwanafunzi_Indiana

Samahani wakuu, nipo hapa kwa viza ya masomo. Kwa kuwa mnasema zipo za chini ya dola 200, nami naweza kununua?

#12 Kisiki_cha_Mpingo

Mdogo wangu, simama hapohapo. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda, ikiwemo ya masomo, kumiliki silaha au hata risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache, kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa, kama dada wa #3. Ukidanganya katika fomu ya 4473 unayojaza dukani, hilo ni kosa la jinai na linaweza kukufukuzisha nchini. Usijaribu, na usiguse ya rafiki yako hata kwa kupiga picha.

#13 Mwindaji_Wisconsin

Mmeongea sana kuhusu bastola, nami naona mmeusahau upande wa uwindaji, ambako dharau imepungua kwa sababu karatasi ya shabaha haidanganyi. Savage Axis na Ruger American, iliyoingia sokoni mwaka 2012, ni bunduki za bei ya chini. Vitako vyake ni vya plastiki inayopinda ukiibana, na komeo lake hukwaruza kama mlango wa ghala. Lakini mitutu yake hukusanya risasi ndani ya upana wa inchi moja hivi kwa umbali wa yadi 100, jambo ambalo babu wa rafiki yangu Mmarekani alilitafuta maisha yake yote kwa bunduki za mti wa jozi.

Kambini kwetu yuko mzee mwenye bunduki ya dola 3,000. Mwaka wa kwanza aliniita “bwana Plastiki”. Novemba hiyo mimi nilipata kulungu siku ya pili, yeye hakupata. Mwaka uliofuata akaniita kwa jina langu. Nasema hivi: dharau hustawi mahali ambapo hakuna matokeo ya kupimwa. Mwenye bastola ya kujilinda huomba Mungu asiitumie kamwe, kwa hiyo hakuna siku ya kuthibitisha iliyo bora, na panapokosekana uthibitisho, bei hukaa kwenye kiti chake.

#14 Mnyamwezi_Sikonge

Nawafuatilia kutoka Tabora. Marehemu baba yangu alikuwa mwindaji mwenye kibali, na silaha yake ilikuwa gobore lililofuliwa na mhunzi wa kijiji jirani: baruti inashindiliwa mdomoni, unapata risasi moja, ukikosa unakimbia. Wageni waliokuja na shotigani za Ulaya walimwita mtu wa makumbusho. Lakini walipotaka kujua nyati amelala wapi, walimfuata yeye. Mchagua jembe si mkulima, kama kichwa cha uzi kinavyosema. Nauliza tu: huko kwenu, anayecheka huwa ni mlengaji mzuri?

#15 Mikindani_Ohio

Swali zuri, mkuu wa Sikonge. Yule aliyenicheka sikumwona akipiga hata risasi moja katikati.

#16 Mlipa_Ghali_Atlanta

Nimesoma kuanzia #1 hadi #15 nami nimeamua kujitokeza kwa sababu ninyi mnawazungumzia watu kama mimi. Ninamiliki bastola ya muundo wa zamani uitwao 1911, iliyotengenezwa kwa mkono, kwa zaidi ya dola 3,000. Nilijinyima miaka miwili kuipata. Slaidi yake inateleza juu ya fremu kama kisu kwenye samli, na kifyatulio chake huachia ghafla, kama kijiti kikavu kinapokatika. Ninapoishika naheshimu mikono ya fundi aliyekaa na tupa kwa saa nyingi, kama mnavyomheshimu mchonga milango wa Lamu au Unguja. Je, kupenda kazi nzuri ni dharau?

Nakiri jambo moja, kwa kuwa hapa tunasema kweli. Mtu anapoweka Hi-Point pembeni yangu na risasi zake zikaingia palepale zinapoingia zangu, kitu fulani hunichoma ndani. Najiuliza zile dola 3,000 zilikwenda wapi. Nadhani wenzangu wengi hucheka ili wasijiulize swali hilo.

#17 Mzee_wa_Kilosa

Mwanangu wa Atlanta, umesema kwa moyo mweupe. Fundi wa Lamu ninamheshimu. Lakini mchonga milango hasimami nje ya nyumba ya makuti kumcheka mwenye mlango wa mbao za sanduku.

#18 Mkwezi_wa_Pangani

Wakuu, nyote mnatafuta sababu ndani ya moyo wa mwenye bunduki. Mimi nafanya kazi ya mauzo (si ya silaha, ni ya vifaa vya nyumbani), na sababu naiona kaunta. Bastola ya dola 180 humwachia mwenye duka faida ndogo mno, na ikirudi na lawama, faida hiyo humalizikia kwenye gharama za kuirudisha kiwandani. Ya dola 600 inakuja na mteja atakayenunua pia mkoba wa kiunoni, darubini, taa na magazini tano. Muuzaji aliyemwambia dada wa #3 kwamba maisha yake yana thamani kubwa alikuwa akifanya hesabu ya duka kwa lugha ya huruma.

Mnasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tazameni basi ni zipi zinazojitembeza kwa matangazo, kwa mashindano na kwa video za kulipiwa. Hi-Point sijapata kuiona katika mavazi ya bingwa yeyote.

#19 Kisiki_cha_Mpingo

Nakubaliana nusu na #18. Ila Hi-Point nao wanajua soko lao. Mwaka 2019 waliwaomba watu wapendekeze jina la bastola yao mpya, umma ukawapigia kura jina la mzaha mtupu lililotoka kwenye utani wa mtandaoni, na kampuni, baada ya kusitasita, ikalikubali. Waliocheka wakawa ndio wanunuzi. Kwa hiyo dharau inaweza kugeuka mapenzi ndani ya mwaka mmoja, jambo ambalo maelezo ya kitabaka ya mleta uzi hayalifafanui vizuri.

#20 Ngariba_wa_Maneno

Nami naongeza mfano wa dharau kugeuka. Glock yenyewe, ambayo leo ndiyo kipimo cha bastola nyingine, ilipotoka Austria na kuingia Marekani katikati ya miaka ya 1980 iliitwa sanduku la plastiki la kuhifadhia chakula. Watu wa chuma na mbao walisema itapasuka mkononi. Hofu kwamba haionekani kwenye mashine za viwanja vya ndege ilifika hadi bungeni, ikazaa sheria ya 1988 kuhusu silaha zisizogundulika, wakati Glock ina chuma cha kutosha kabisa kuonekana. Leo mwenye Glock anamcheka mwenye Taurus.

Bunduki za kivita za Kirusi ziitwazo Mosin-Nagant, zilizotengenezwa kwa makumi ya mamilioni, ziliuzwa chini ya dola 100 kwenye miaka ya 2000, zikitoka kwenye masanduku ya mbao zikiwa zimepakwa grisi nzito. Waliozinunua waliitwa wakusanya takataka. Masalia yalipoisha bei ikapanda zaidi ya mara tatu, na walewale wakaanza kuziita urithi wa historia. Canik kutoka Samsun, Uturuki, nayo ilianza kwa kubezwa, na sasa inasifiwa kwa mtambo wake.

Kwa hiyo nadhani FundiChuma na Mzee wa Kilosa wote wanapitwa na jambo hili. Metali ya Mosin haikubadilika, na rangi ya wanunuzi haikubadilika. Kilichobadilika ni bei, na heshima ikaifuata bei kama kivuli.

#21 FundiChuma_Houston

Mosin ilikuwa chuma tangu 1891, Ngariba. Zinki haijawahi kusifiwa hata bei ikipanda. Illinois haimruhusu mwenye duka kuuza bastola yenye fremu au slaidi ya zinki ya kumimina, wala ya metali yoyote inayoyeyuka chini ya nyuzi 800 za Fahrenheit, takriban 427 za Selsiasi. Zamak huyeyuka karibu na 385. Hiyo ni metali, si bei.

#22 Mzee_wa_Kilosa

Nami ninauliza, fundi: ni nani aliyewahi kufyatua bastola katika joto la nyuzi 427? Hicho si kipimo cha usalama wa mpigaji. Kilichopimwa hapo ni mfuko wake, na kipimajoto kimetumika badala ya mzani wa 1901.

#23 FundiChuma_Houston

Mzee, hapo sina jibu la haraka. Watetezi wa sheria hiyo husema metali dhaifu huchakaa na kupasuka mapema. Lakini nakiri kwamba kiwango cha kuyeyuka si njia ambayo mimi ningetumia kupima uchakavu. Ningepima nguvu ya kuvuta na idadi ya mizunguko.

#24 Mwindaji_Wisconsin

Fundi amesema hana jibu! Tuuhifadhi mchango huu.

#25 Baba_Imani_Kentucky

Natoka Bukavu, sasa niko Louisville. Kwenye bunduki za AR-15 mambo ni yaleyale. Kampuni ya Anderson ya hapa Kentucky ilikuwa na nembo ya farasi, na watu waliipa jina la farasi wa ufukara, kwa sababu kiunzi chake, yaani sehemu inayoshika mtambo, kiliuzwa kwa dola chache. Kiunzi hicho kilifuliwa kwa alumini ya daraja lilelile linalotumiwa na wengi wa wanaouza kwa bei ya juu.

Lakini nisiwe na upendeleo. Tofauti za kweli zipo: kama komeo limekaguliwa nyufa kwa sumaku, kama skrubu za kile kifaa kinachopitisha gesi ya kusukuma komeo zimekazwa na kugongwa zisilegee, kama chuma cha mtutu ni cha kiwango cha jeshi. Niliwahi kununua bunduki ya bei ya chini ya kampuni nyingine, na skrubu hizo zililegea baada ya risasi 300 tu, ikanilazimu kuvuta komeo kwa mkono kila baada ya risasi moja. Sikuchekwa na mtu siku hiyo, maana nilikuwa peke yangu, lakini nilijifunza kukagua. Anayekueleza skrubu ni mwalimu. Anayecheka nembo ya farasi hajakufundisha kitu.

#26 MlengaShabaha_TX

Baba Imani, umesema nililotaka kusema tangu #7 nikashindwa. Naongeza la fedha. Risasi 50 za milimita 9 za mazoezi huuzwa karibu dola 14 hivi. Ukiacha bastola ya 550 ukachukua ya 200, tofauti hiyo inakununulia zaidi ya risasi 1,000. Mwanafunzi aliyefyatua risasi 1,000 chini ya uangalizi kwa silaha ya kawaida ninamwamini kuliko aliyefyatua 50 kwa silaha ya kifahari. Sharti langu ni moja: hiyo tofauti iende kweli kwenye risasi na mafunzo, isiende kwenye simu mpya.

#27 Dada_Zamu_ya_Usiku

Mwalimu, yangu ilikwenda kwenye kisanduku cha kufungia, maana nina watoto wawili. Kisha mafunzo ya kibali cha kubeba, kisha ada ya kibali chenyewe. Ningenunua ya dola 600, kisanduku kingesubiri hadi mwaka uliofuata. Hilo hakuna aliyeniuliza kaunta.

#28 MlengaShabaha_TX

Kisanduku kwanza. Dada, umenipita.

#29 Mlipa_Ghali_Atlanta

Mleta uzi, nina safari ya Columbus mwishoni mwa mwezi. Tukutane ukumbi uleule kama hutajali. Nitakuja na yangu, wewe na yako, risasi 50 kila mmoja, kisha tubadilishane.

#30 Mikindani_Ohio

Karibu sana, kaka. Risasi juu yangu, na nitaziweka karatasi zote mbili hapa bila kuandika ni ya nani, ili FundiChuma na Mzee wa Kilosa wabishane nazo. Mkuu wa Sikonge, wewe utakuwa mwamuzi.

#31 Mnyamwezi_Sikonge

Nimekubali. Ila pigeni kwa mita 10 na kwa mita 25. Kwa mita 10 hata gobore la baba lilikuwa halikosi.